Jalada la mazoezi la kesi ya mlinzi wa Kizota: faili zuri, kijitabu cha majibu kibovu

Kwa Sh 38,000 unapewa boksi faili la kijani lenye kurasa 74, picha 16, flashi moja na kijitabu cha majibu cha kurasa 12. Ndani yake kuna kesi ya kubuni: mlinzi wa godauni la vifaa vya ujenzi Kizota, hapa Dodoma, kampiga mtu risasi na kumuua. Mlinzi anasema alijihami. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inasema alimtandika mgongoni mtu aliyekuwa anakimbia. Kazi yako ni kupima ushahidi wote na kuandika uamuzi: hana hatia, kaua bila kukusudia, au kaua kwa kukusudia.

Limelengwa kwa wanafunzi wa sheria, mawakili wachanga, wapelelezi na wasimamizi wa kampuni za ulinzi, na linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuandikia yaliyo jirani na vyuo. Tuseme mapema: jalada lenyewe lina thamani kuliko bei yake. Kijitabu hakina. Kimekosea sheria kwenye jambo moja kubwa, na kimeruka vitu ambavyo ndivyo vinavyoiamua kesi.

Kilichomo

Tukio ni saa 8:40 usiku wa Idd pili, kuamkia Ijumaa tarehe 12 Aprili 2024. Watu wawili wanaruka ukuta wa godauni. Mlinzi ana shotigani ya kusukuma, bore 12, na daftari la silaha linasema alikabidhiwa risasi tano, kila moja ikiwa na goroli tisa. Mmoja wa walioruka anakutwa amekufa mita mbili kutoka ukutani. Mwenzake anatoroka na kukamatwa Nkuhungu siku nne baadaye. Panga linapatikana mita nne kutoka kwenye maiti.

Nyaraka zake ni maelezo ya mashahidi saba, maelezo ya onyo ya mlinzi (aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake), ramani ya eneo la tukio, hati mbili za ukamataji mali, ripoti ya uchunguzi wa mwili wa marehemu, ripoti ya mtaalamu wa silaha pamoja na majaribio ya kufyatua, orodha ya simu zilizopigwa, nakala ya daftari la silaha, na video ya CCTV ya sekunde 22. Aliyeandaa anajua jalada la polisi linavyokuwa. Mihuri imekaa pale inapokaa, maelezo ya askari yana ule mwandiko wa kuburuta wa mtu aliyeamshwa usiku, na, kwa makusudi au kwa bahati, nyaraka hazikubaliani. Hapo ndipo pesa yako inaporudi.

Kosa la ukurasa wa tatu

Tuanze na ubovu, maana ukilifuata kosa hili mazoezi yote yanaharibika. Kijitabu kinasema mshtakiwa anayedai kujihami ni lazima athibitishe dai hilo pasipo kuacha shaka. Sivyo. Kifungu cha 114(1) cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kinamtwisha mshtakiwa mzigo wa kuonyesha mazingira yanayomwingiza kwenye kinga, lakini papo hapo kinasema mzigo huo umetuliwa iwapo ushahidi wa Jamhuri wenyewe, hata ule uliochomoka kwenye maswali ya dodoso, unayaonyesha mazingira hayo. Na ushahidi wa upande wowote ukizaa shaka ya maana juu ya hatia, mshtakiwa anaachiwa. Kuthibitisha pasipo kuacha shaka ni kazi ya Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho.

Matokeo ya kosa hilo ni haya: anayefuata kijitabu atamfunga mlinzi kwa sababu hakuthibitisha kwamba panga lilikuwa la marehemu. Swali lenyewe ni kama Jamhuri imeondoa uwezekano kwamba marehemu alikuwa nalo. Ni maswali mawili yanayokwenda njia tofauti kabisa.

Sehemu nyingine ya sheria wameielezea vizuri, ila kwa haraka mno. Kwa namba za Marejeo ya 2022 (toleo lililorekebishwa la sheria, ambalo namba zake tunazitumia humu kote), kifungu cha 18A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinatoa haki ya kujihami, kumtetea mwingine na kulinda mali, ikiwamo mali ya mwajiri, jambo linalomgusa kila mlinzi wa lindo. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kadiri na ya lazima, na ukizidisha mtu akafa, umeua bila kukusudia. Kifungu cha 18C kinafika hadi kwenye kuua: analindwa anayetenda kwa nia njema, akiamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kuwa ilikuwa lazima afanye hivyo. Mwenye Marejeo ya 2023, yaliyoanza kutumika Julai 2025, alinganishe namba kabla ya kunukuu popote.

Risasi ya tano

Hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote ndani ya boksi, na kijitabu hakikigusi hata kwa neno moja.

Daftari la silaha linasema risasi tano. Hati ya ukamataji inasema risasi nzima mbili ndani ya bunduki na maganda mawili chini. Jumla nne. Moja haipo.

Mlinzi anasema alipiga mbili: ya kwanza hewani kuonya, ya pili akampiga aliyemjia. Ripoti ya daktari inataja matundu tisa mgongoni mwa marehemu, yaani mzigo mzima wa risasi moja. Ripoti ya mtaalamu wa silaha inataja matundu manane kwenye geti la bati, kimo cha mita 1.2 kutoka ardhini. Hiyo ni risasi nyingine, pungufu ya goroli moja iliyopita pembeni. Kwa hiyo kama zilipigwa mbili tu, zote mbili tunajua zilikoishia, na hakuna hata moja iliyokwenda hewani. Mlinzi atakuwa amedanganya kuhusu onyo.

Kama zilipigwa tatu, hesabu inageuka. Moja mwilini, moja getini, na ya tatu inaweza kuwa ndiyo iliyopigwa juu. Mlinzi atakuwa amesema kweli kuhusu onyo na kuficha, au kupoteza hesabu ya, risasi moja. Wakili wa utetezi anayekimbilia kusema "mteja wangu alipiga mbili tu" anajikata mguu mwenyewe. Wakili wa Serikali anayeshikilia kwamba zilipigwa tatu ili kuonyesha ukatili naye anampa mlinzi risasi yake ya onyo.

Kuna njia ya tatu, na anayejua silaha hii ataiona kwanza. Shotigani ya kusukuma ikiwa tayari ina risasi chemba, halafu mlinzi akaivuta na kuisukuma ili ule mlio wa chuma uwatishe wezi, inatema risasi nzima chini. Mazoea hayo yapo kwenye malindo. Basi risasi ya tano inaweza kuwa imelala mchangani, haijapigwa kabisa. Ramani ya eneo la tukio haisemi upekuzi ulifika wapi, nani alipekua, wala kama walirudi mchana. Swali hilo lapasa kuwa la kwanza kwa askari aliyechora ramani.

Tahadhari moja kuhusu maganda. Ramani inayaonyesha yamelala pamoja karibu na jukwaa la kupakulia, na kijitabu kinahitimisha kuwa mlinzi alifyatulia hapo. Bunduki inayojitema yenyewe humwaga ganda pale ilipofyatuliwa. Ya kusukuma hutema pale mkono ulipovuta. Ganda la risasi ya mwisho linaweza kutemwa dakika kumi baadaye, hatua ishirini mbali, mlinzi anapoiangalia silaha yake. Kwa gobole mjadala huu usingekuwapo, kwani haliachi ganda lolote.

Kimya cha mama anayeuza chakula

Shahidi wa tatu ni mama anayelala kwenye kibanda chake cha chakula ng'ambo ya barabara. Anasema alisikia mlio mmoja, kimya "kama kuhesabu tano," kisha miwili iliyofuatana. Kijitabu kinamchukua kama shahidi wa idadi: tatu. Hapo ndipo alipo dhaifu. Alikuwa usingizini, ni usiku wa sikukuu na mafataki hayajaisha mitaani, na kuta za bati za magodauni hurudisha sauti. Mlio mmoja unaweza kusikika miwili.

Alipo imara ni kwenye kile kimya. Mwangwi hauwezi kukizaa. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa baada ya sekunde tano ungehitaji ukuta ulio mbali zaidi ya mita 800, na ramani haina kitu cha namna hiyo. Mtu anaweza kukosea akasema tano ikawa tatu, lakini kimya kilikuwapo.

Kusukuma na kufyatua tena huchukua sekunde moja hivi kwa aliyezoea. Sekunde tatu hadi tano ni muda wa kuona, kufikiri na kuamua. Jamhuri itasema hatari ilikuwa imekwisha, mlinzi akaendelea. Utetezi utasema mlinzi alionya, akasubiri, na alipiga tu pale mtu alipomjia badala ya kuondoka. Kimya kimoja kinawatumikia wote wawili. Kinachoweza kukipa upande ni marehemu alikuwa ameelekea wapi kimya kilipokatika, na hapo tunarudi kwenye jeraha.

Jeraha la mgongoni

Mlinzi anasema mtu alikuwa "hatua mbili" mbele yake, sawa na mita moja na nusu. Ripoti inamkana. Kwa umbali huo goroli hazijatawanyika: huacha tundu moja kubwa lenye kingo zilizomegeka, na kile kizibo cha plastiki kinachozisukuma kwa kawaida huingia nazo jerahani. Hapa matundu yametawanyika kwa sentimita 11 na hakuna kizibo ndani. Majaribio ya kufyatua kwa bunduki ile ile na risasi za aina ile ile yalitoa mtawanyiko wa sentimita 6 kwa mita tatu, 13 kwa mita sita na 21 kwa mita tisa. Sentimita 11 zinaangukia mita tano hivi.

Tunawapongeza waandaaji kwa kuweka majaribio hayo. Wengi hutumia kanuni ya mkato ya sentimita mbili na nusu kwa kila mita, ambayo hapa inatoa mita 4.4. Haikosei sana, lakini mtutu ukiwa umebanwa mdomoni au risasi ikiwa ya kiwanda kingine, kanuni hiyo inakupeleka porini. Bunduki ya kesi na risasi za fungu lile lile ndizo kipimo.

Je, mita tano zinamwangusha mlinzi? Kwa umbali peke yake, hapana. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alionyesha kuwa mtu mwenye kisu anaweza kumfikia mwenye bastola kutoka futi 21, mita 6.4 hivi, kwa sekunde moja na nusu. Kijitabu kinaichukua namba hiyo kama sheria: chini ya mita 6.4, piga. Ni zoezi la mafunzo, wala si sheria ya Tanzania wala ya kwao. Linakusaidia kuelewa kwa nini hofu ya mlinzi kwa mita tano inaweza kuwa ya msingi, basi. Vivyo hivyo kurasa mbili walizojaza kuhusu Florida na sheria yake ya mwaka 2005 ya kutolazimika kurudi nyuma. Hapa hazina kazi. Kipimo chetu ni kadiri na ulazima.

Na mtu aliyekuongopea umbali usiku, kwa hofu, hajathibitika kuwa mwongo wa mengine. Macho yenye hofu huvuta hatari karibu.

Mwelekeo ndio mgumu. Goroli ziliingia mgongoni kushoto zikaelekea mbele kulia, kwa mshazari. Kijitabu kinasema mgongoni ni mgongoni, alikuwa anakimbia. Lakini mtu huweza kugeuza kiwiliwili ndani ya nusu sekunde hivi, na kidole kilichokwisha kuamua kufyatua hakisimami hapo hapo. Anayeuona mtutu na kugeuka anaweza kupigwa mgongoni na risasi iliyoamuliwa akiwa ametazama mbele. Mshazari unakubaliana na kugeuka, na unakubaliana pia na kukimbia kwa pembe kuelekea ukutani. Jeraha haliwezi kuchagua. Daktari hakuandika kama njia ya goroli ilipanda au ilishuka, wala mkao wa mikono haukujadiliwa. Kwa kesi iliyo Mahakama Kuu, kifungu cha 291 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa. Wakili asiyeiomba haki hiyo katika jalada hili amelala.

Mita mbili kutoka ukutani nako kusichukuliwe kama ndipo alipopigiwa. Aliyepigwa goroli za mapafu huweza kwenda hatua kadhaa kabla ya kuanguka. Michirizi ya damu ingesema, na ramani haina michirizi.

Panga, mtaimbo na mwezi

Msimamizi wa mlinzi alifika saa 9:00, polisi saa 9:25. Msimamizi anakiri kwamba aliliokota panga "asije mtu akalichukua," akaliegemeza ukutani, kisha akalirudisha lilipokuwa ili awaonyeshe polisi. Kwa hiyo zile mita nne za kwenye ramani zimetoka kichwani mwake tu. Zaidi ya hapo, yeye ndiye aliyesaini hati ya ukamataji kama shahidi huru, wakati hana uhuru wowote: kampuni yake ina jambo la kupoteza. Mjumbe wa mtaa alikuwapo, jina lake limo kwenye maelezo ya askari, na hakuombwa kusaini.

Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ikiketi hapa Dodoma ilisisitiza kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano, za kielelezo tangu kinapokamatwa hadi kinapofika mahakamani. Baadaye mahakama hiyo imelegeza kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa au kuchezewa. Bunduki yenye namba inafaidika na ulegevu huo. Panga la dukani lisilo na alama halifaidiki. Kijitabu kinavitupa vyote viwili kwenye kapu moja.

Mwenzake wa marehemu anasema hawakuwa na panga, walikuwa na mtaimbo, na aliutupa akikimbia. Ni shahidi mwenye mzigo wake: anakabiliwa na shtaka la uvunjaji na ana sababu ya kujipunguzia. Kijitabu kinamwita mshiriki na kumtupilia mbali. Hakushiriki mauaji, na hata mshiriki ni shahidi halali kwa kifungu cha 142 cha Sheria ya Ushahidi, apimwe kwa uangalifu tu. Na picha namba 9 inamuunga mkono: kufuli la mlango lina mbonyeo mpya unaong'aa, aina ya mbonyeo ambao mtaimbo huacha na panga haliachi. Sasa geuza: kama kilichobebwa ni mtaimbo, mlinzi aliona kitu kirefu cha chuma gizani. Kwa kifungu cha 18C imani ya dhati yenye sababu za msingi inatosha. Ugomvi wote wa panga unapungua uzito, ingawa panga likithibitika kupandikizwa, mlinzi anapoteza imani ya mahakama kwa mengine yote.

Aliona kwa mwanga gani? Kwa maelezo yake, mbalamwezi ilikuwa inawaka. Tazama tarehe. Idd ilikuwa tarehe 10 Aprili, mwezi umeandama usiku wa kuamkia siku hiyo. Usiku wa Idd pili mwezi ni mwembamba na huzama mapema, saa chache tu baada ya jua. Saa nane usiku kulikuwa giza, ukiacha taa moja ya geti ambayo ramani inaiweka mita 14 mbali. Kijitabu hakikuliona hili, jambo la ajabu kwa kitu kilichotungwa na watu wanaofunga na kufungua kwa mwezi huo huo. Na giza nalo linakata kuwili: mlinzi ambaye hakuweza kuona panga vizuri hakuweza pia kuona vizuri kwamba mtu amegeuka.

Jambo jingine la tarehe. Ramani inasema nyayo hazikuonekana kwa sababu ya vumbi na upepo. Huo ni upepo wa Agosti. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuishia Aprili, na ardhi ya mwezi wa nne mara nyingi bado inashika unyayo. Askari aulizwe.

Video na saa zake

Sekunde 22 zinaonyesha watu wawili wakiruka, wa kwanza ameshika kitu kirefu, kisha wote wanatoka nje ya picha. Ufyatuaji hauonekani na sauti hakuna. Askari aliyechukua mashine ya kurekodia alilinganisha saa yake na ya simu na kuandika kuwa imetangulia dakika saba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na wapelelezi wanaosoma hapa waige. Video inasema 8:47, toa saba, 8:40. Simu ya kwanza ya mlinzi kwa msimamizi ni 8:52. Kwa polisi ni 9:05, na ilipigwa na msimamizi. Ukilinganisha bila kutoa zile dakika saba, pengo linaonekana dakika tano. Ukitoa, ni kumi na mbili. Jamhuri itaishi ndani ya dakika hizo.

Kamera inachukua picha nane kwa sekunde. Kugeuka kwa nusu sekunde ni picha nne tu, na kuinua mkono huenda kukaonekana kwenye picha chache tu. Anayesema "kwenye video hakuinua mkono" ahesabu kwanza.

Kiapo cha uhalisi kimo, kinachotumika kutimiza kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kinachoangalia namna kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama haijaguswa. Tatizo ni kwamba faili iliyo kwenye flashi imebanwa kama iliyopita kwenye simu, haina umbo la iliyotolewa moja kwa moja kwenye mashine. Kama ni mtego, ni mtego mzuri, lakini kijitabu kinaonyesha ni uzembe.

Maelezo ya onyo

Mlinzi aliwekwa chini ya ulinzi saa 10:00 alfajiri, akaanza kuhojiwa saa 3:40 asubuhi. Saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, kwa kifungu cha 50 cha Sura ya 20, ziliisha saa 2:00, na hakuna nyongeza ya muda ya kifungu cha 51. Muda wa kusafirishwa haumo kwenye hesabu, lakini kutoka Kizota hadi kituo cha mjini si safari ya saa moja na dakika arobaini. Kijitabu kinaagiza utetezi upinge. Fikiri kwanza. Maelezo hayo ndiyo yana "alinijia na panga" ya siku ile ile, kabla hajapata wakili. Yakiondoka, anachobaki nacho ni kiapo cha kizimbani, ambamo ameongeza kuwa alisikia "tummalize." Nyongeza hiyo bila maelezo ya mwanzo itaonekana ya kutungwa.

Uamuzi wa kijitabu

Kinasema kuua kwa kukusudia. Hatukubaliani. Rufaa ya Jinai Namba 150 ya 1994 ilitaja vya kutazama ili kupata nia ovu: silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya muuaji na mwenendo wake kabla na baada. Bunduki na mgongo vinambana mlinzi. Pigo moja lililompata, kutokuwapo ugomvi wa awali, na kubaki lindoni kunamtoa. Kwa ushahidi uliomo, mvutano wa kweli uko kati ya 18B na 18C, na unalala juu ya kile kimya na zile dakika kumi na mbili. Makundi mawili makini yanaweza kutoa majibu tofauti na yote yakawa na hoja.

Namna ya kulitumia

Kundi la watu sita, vikao viwili vya saa tatu. Toa maelezo yote ya mashahidi, yafunge pembeni. Anzeni na ramani, ripoti mbili, hati, daftari, orodha ya simu na video. Kila kimoja kiandikiwe kinasema nini peke yake, kinawezaje kusemwa kinyume, na nani angeulizwa. Ukianza na maelezo, utaamini hadithi moja kisha utatafuta vipimo vya kuipamba.

Halafu tokeni nje na kamba ya mita tano, chaki na fimbo badala ya bunduki. Mmoja amkabili mwenye fimbo na ageuke kwa ishara ya kengele, mwingine arekodi kwa simu, mhesabu picha. Wekeni taa moja mita 14 mbali, usiku usio na mwezi, mtu ashike mtaimbo au panga, wengine waseme wanaona nini. Kikao cha pili ndipo msome maelezo, kwa mpangilio wa tarehe na saa yalipoandikwa. Jalada limeyafunga kwa mpangilio wa vyeo, usiufuate.

Mwenye kesi ya kweli asilichukue jalada hili kama ushauri. Anahitaji wakili.

Toleo la picha nyeusi na nyeupe lipo kwa Sh 29,000. Usilinunue: mbonyeo wa kufuli kwenye picha namba 9 hauonekani, na kingo za matundu ya geti, zinazoonyesha kama rangi imebanduka karibuni au kuna kutu ya zamani, zinakuwa doa tu. Hata toleo la rangi picha za geti zimepigwa bila rula ya kipimo, ila ripoti inataja vipimo. Kagua flashi hapo hapo dukani kabla ya kulipa, na hesabu kurasa: katika nakala nyingine orodha ya simu, ukurasa wa 58, imerukwa na kiwanda cha uchapaji, na bila ukurasa huo dakika kumi na mbili hazipo.